Rupia, hela na deni la laki moja ya Kenya

Najua nimepotea, msinilaumu, ni mitihani. Leo nimekaa hapa hosteli, jamaa wa chumbani amelala na kitabu juu ya kifua kama kawaida yake, nikasema ngoja niandike kile kisa nilichowaahidi siku ile pale kafteria. Kisa cha deni la kijijini kwetu na rupia za zamani. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo chukua chai.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Guta ninayoisema ni kijiji chetu kule Bunda, mkoa wa Mara, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Siyo lile guta la matairi matatu linalobeba mizigo Kariakoo. Tangu mwaka wa kwanza nimechekwa sana kwa hilo ("eti wewe umezaliwa kwenye guta?"), sasa yaishe jamani.

Ilikuwa likizo ndefu ya mwaka 2024, nimemaliza mwaka wa kwanza, nikarudi nyumbani. Nikategemea nitakula sato na kulala. Nilipofika tu nikamkuta bibi hana raha. Namsalimia shikamoo, ananijibu marahaba mjukuu wangu halafu anageuza uso. Nikajua hapa kuna neno.

Neno lenyewe ni hili. Baba mkubwa anafanya biashara ya samaki wakavu na dagaa, anavusha Sirari anauza upande wa Kenya, kwa hiyo pesa yake nyingi ni ya Kenya. Januari ya mwaka ule mkwe wetu, yaani baba mkwe wa dada yangu, ambaye ni tajiri wa mitumbwi miwili pale mwaloni (huku kwetu mwenye mtumbwi ndiye tunamwita tajiri, hata kama amevaa kandambili zilizokatika), alimjia akiwa na shida. Injini imekufa, nyavu zimechakaa. Baba mkubwa akamkopesha laki moja ya Kenya, noti mkononi, mbele ya mashahidi wawili. Hakuna karatasi. Ni mkwe, karatasi ya nini?

Mkwe akazipeleka mpakani akazibadilisha. Wakati huo shilingi ya Kenya ilikuwa hoi, dola moja ilifika mpaka karibu 160 za kwao. Akapata kama 15 na nusu ya kwetu kwa kila moja, ikawa milioni moja, laki tano na hamsini elfu. Akanunua injini, akanunua nyavu, maisha yakaendelea.

Halafu ikaja Februari. Kenya walikuwa na deni la dola bilioni 2 la hatifungani ya nje, linatakiwa kulipwa Juni 2024, na watu walikuwa wanaogopa kwamba hawataweza. Wakauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, wakapunguza lile deni la zamani, hofu ikaisha. Ndani ya miezi miwili hivi dola ikateremka kutoka 160 hadi karibu 130. Shilingi yetu yenyewe haikuwa imepata nguvu yoyote. Kwa hiyo muda wa kulipa ulipofika, mwezi wa saba, shilingi moja ya Kenya pale mpakani ilikuwa 20 ya kwetu.

Mnaona kinachokuja? Mkwe alileta milioni moja, laki tano na hamsini, akazihesabu mezani, akashukuru. Baba mkubwa akasema hapana, mimi nilikupa laki moja ya Kenya, nirudishie laki moja ya Kenya. Laki moja ya Kenya siku hiyo ni milioni mbili. Tofauti ni laki nne na nusu. Mkwe akasema wewe unataka riba, wewe umekuwa mkopeshaji wa mjini. Baba mkubwa akasema wewe unataka kula pesa yangu. Maneno yakapanda. Na dada yangu yuko ndani ya nyumba ya yule mzee, ana mtoto mchanga, anasikia kila siku "hao ndugu zako". Ndiyo maana bibi hakuwa na raha.

Sasa mimi kwa bahati (au kwa balaa) nilikuwa nimetoka kuandika insha ya historia ya uchumi, na mada yangu ilikuwa rupia katika Afrika Mashariki. Nilipata alama ya kawaida tu, tusiongelee. Lakini usiku ule nikiwa nimelala nasikiliza mbu, nikasema huyu mkwe na baba mkubwa mbona ni 1920 kabisa! Ngoja niwaeleze.

Watu wengi tunadhani kabla ya shilingi huku hakukuwa na kitu, watu walibadilishana mbuzi kwa chumvi. Si kweli. Karne ya kumi na tisa pwani ilikuwa na pesa mbili kubwa zinazoshindana. Moja ni riale, ile sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa wa Austria, ambayo ilipigwa na kupigwa tena miaka yote ikiwa imeandikwa mwaka uleule 1780, kwa sababu watu wa Arabuni na Habeshi hawakutaka kuona mwaka mwingine. Ya pili ni rupia ya India, iliyokuja na wafanyabiashara Wahindi wa Unguja. Bei kati ya hizi mbili haikuwa siri wala mazingaombwe. Pima fedha iliyomo. Riale ina gramu 23 na kidogo za fedha safi, rupia ina gramu 10.7. Gawanya, unapata rupia mbili na ushee kwa riale moja. Na kweli sokoni Unguja ilikuwa ikicheza hapo hapo, rupia mbili na ushee.

Jamaa wangu wa chumbani ni wa Pemba, nilipomwambia hivi akaniambia kwao wazee wakitaja mahari ya zamani wanasema riale hadi leo. Sultani Barghash mwenyewe alipiga riale zake na pesa zake mwaka 1882, lakini rupia ndiyo ikaja kushinda.

Basi Wajerumani walipokuja, mtu angetegemea walete mark yao. Wapi! Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kupiga sarafu mwaka 1890, na kitu walichopiga kilikuwa rupia. Uzito uleule wa ile ya India, fedha ileile, tofauti ni kichwa tu: badala ya malkia wa Uingereza wakaweka Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake yenye tai juu. Hata chenji yake waliiita pesa, 64 kwa rupia moja, kama kule India. Sababu ni rahisi, mwenye duka alikuwa Mhindi na mzigo ulitoka Bombay. Ukija na pesa asiyoijua anakuangalia tu. Serikali ya Berlin ilikuwa na jeshi lakini haikuweza kumlazimisha muuza kaniki aipende mark.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaweka utaratibu mpya. Rupia moja ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, na kiwango kikafungwa: rupia 15 kwa mark 20. Upande wa Waingereza, kuanzia 1905, rupia 15 za India zilikuwa pauni moja, yaani rupia moja ni shilingi moja na peni nne. Na kwa kuwa pauni ilikuwa mark 20 na nukta kidogo, utaona rupia ya Mjerumani na rupia ya Mwingereza zilikuwa kama mapacha. Mpaka ukakatwa pale kaskazini ya Shirati, bendera mbili tofauti, lakini mfukoni karibu ni kitu kimoja.

Na kwetu Mara hili lilikuwa na maana. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901. Tangu hapo ngozi, karanga na baadaye pamba ya kusini mwa ziwa, ingawa ilitoka nchi ya Mjerumani, ilipanda meli kwenda Kisumu na kuteremka Mombasa kwa reli ya Mwingereza. Mizigo inakwenda kaskazini, rupia zinarudi kusini. Baba mkubwa na dagaa zake za Sirari hajaanzisha kitu, hiyo njia ni ya zamani.

Kilichowafanya wazee wetu waitafute hiyo rupia kwa nguvu siyo kanga wala sukari. Ni kodi. Mjerumani alitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba za vijijini, na baada ya muda alitaka pesa taslimu, siyo mtama. Kama huna, nenda ukaitafute kwa kazi. Hapo ndipo pesa ya kigeni ilipoingia mpaka kwenye nyumba ya nyasi.

Bibi ana kikopo cha zamani cha kahawa. Nilipomweleza haya akakitoa chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma, na sarafu moja yenye tundu katikati, imechakaa, lakini ukiiweka juani unasoma 10 Heller. Nikamwambia, bibi, hii ndiyo hela. Akanishangaa. Nikamwambia kila unaposema "sina hela" unaongea Kijerumani, na ukisema "sina pesa" unaongea Kihindi. Akasema, "Basi nimekuwa maskini kwa lugha zote." Nilicheka mpaka machozi.

Sasa tufike kwenye 1920 yenyewe, maana ndiyo kiini.

Rupia miaka ya 1870 mwanzoni ilikuwa karibu shilingi mbili za Uingereza. Halafu bei ya fedha duniani ikaanguka (mmojawapo wa walioiangusha ni Ujerumani yenyewe, ilipohamia dhahabu baada ya 1871 na kuuza fedha yake), na rupia ikaanguka nayo hadi kama shilingi moja na peni tatu ilipofika 1892. Mwaka 1893 serikali ya India ikafunga milango ya viwanda vya sarafu, mtu wa kawaida asiweze tena kupeleka fedha yake ipigwe rupia. Rupia zikawa chache, bei ikapanda, ikatulia kwenye shilingi moja na peni nne. Riale ya Maria Theresa, ambayo haikuwa na serikali ya kuilinda, ikaendelea kushuka na fedha yake. Kwa hiyo ile hesabu ya kupima gramu ikafa. Tangu siku hiyo bei ya rupia ilikuwa neno la serikali.

Ikaja Vita Kuu ya 1914. Huku kwetu Mjerumani alizingirwa, hapati sarafu kutoka kwao, akaanza kupiga zake Tabora kwenye karakana ya reli mwaka 1916. Ndipo ikatoka ile sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo siku hizi wakusanyaji wanaililia. Kwingineko duniani vita iliifanya fedha ipande bei. India ilikuwa inauza vitu vingi na kulipwa, kila mtu anataka rupia. Bei ikaanza kupanda kutoka ile shilingi moja na peni nne. Desemba 1919 ikafika shilingi mbili na peni nne. Februari 1920 ikapita mpaka shilingi mbili na peni kumi hivi. Yaani zaidi ya mara mbili ya bei ya kabla ya vita!

Fikiria wewe ni mlowezi wa Kizungu Kenya. Umekopa benki rupia 15,000. Ulipokopa hizo ni pauni 1,000. Kahawa yako na katani yako unauza London kwa pauni. Sasa rupia imepanda maradufu, deni lako limepanda maradufu nalo, na hujafanya chochote, umelala tu. Huyo ni mkwe wetu na injini yake!

Walowezi wakapiga kelele wanataka rupia irudishwe kwenye shilingi moja na peni nne. Mabenki yakapiga kelele yanataka bei ya soko. Wizara ya Makoloni kule London, chini ya Lord Milner, ikakata katikati: Februari 1920 rupia ya Afrika Mashariki ikafungwa kwenye shilingi mbili. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshaundwa Desemba 1919, ikatoa pesa mpya iitwayo florini, florini moja kwa rupia moja, sawa na shilingi mbili. Florini haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi, 20 kwa pauni, na hiyo ndiyo babu ya shilingi zetu wote, Kenya, Uganda na Tanzania. Tanganyika tukaingizwa humo humo.

Angalia ucheshi wa mambo. Kabla wino haujakauka rupia ikaanza kuanguka. India nayo ilijaribu kuishikilia kwenye shilingi mbili ikashindwa, ilipofika 1921 ilikuwa imerudi kule kwenye shilingi moja na peni nne, na mwaka 1927 ikafungwa kwenye shilingi moja na peni sita. Walowezi wangesubiri miezi kadhaa tu shida ingeondoka yenyewe. Lakini kiwango kilishafungwa. Deni la rupia 15,000 lilikuwa limekuwa pauni 1,500, na hakuna wa kulirudisha.

Unadhani walilipa wao? Hapa ndipo insha yangu iliponiuma. Chukua kibarua anayelipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani hizo ni shilingi 8. Kwa bei mpya ni shilingi 12. Mwaka 1921 waajiri Kenya wakakubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Kata theluthi ya 12, unapata 8. Yaani walirudisha ile shilingi moja na peni nne, lakini kwenye mfuko wa kibarua peke yake. Wakati huohuo kodi ilikuwa imepandishwa mwaka 1920 hadi rupia 8, nayo ikahesabiwa kwa bei mpya: shilingi 16. Kwenye mshahara bei ya zamani, kwenye kodi bei mpya. Hesabu ya aina gani hiyo?

Watu walikataa. Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu wa serikali Nairobi, alisimama na chama chake kupinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele ya wanawake, wakafyatuliwa risasi. Serikali ilikiri watu 21, wengine walisema ni wengi zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12. Sisemi kwamba watu walikufa kwa sababu ya kiwango cha kubadilisha fedha peke yake, kulikuwa na ardhi, kipande na mengi. Lakini ile theluthi ilitokana na rupia.

Na mchezo huu si wa kwetu tu. Zanzibar walibaki na rupia mpaka 1936, walipobadilisha kwa shilingi moja na nusu. Aden, kule Arabuni, walitumia rupia ya India hadi 1951, halafu wakachukua shilingi ya Afrika Mashariki! Ndiyo, kuna Waarabu waliotumia shilingi yetu ya simba. Ghuba nzima walikuwa na rupia yao maalumu iliyotolewa na Benki Kuu ya India kuanzia 1959. Juni 1966 India ikashusha rupia yake, dola kutoka 4.76 hadi 7.50, na watu wa Ghuba wakajikuta wamepoteza zaidi ya theluthi ya thamani ya pesa yao kwa uamuzi wa Delhi. Wengi wakakimbia kutengeneza pesa zao. Oman walivumilia hadi 1970, ndipo wakatoa riali yao, rupia 21 kwa riali moja. Shangazi wa jamaa wangu yuko Maskati, anasema wazee kule bado wana hadithi za hiyo.

Haya, turudi Guta.

Bibi aliita kikao Jumapili baada ya kanisa. Walikuja wazee wanne, baba mkubwa, mkwe na wale mashahidi wawili. Mimi nilikaa mlangoni na birika, kazi yangu kumimina chai. Wakabishana saa nzima. Mzee mmoja akasema zamani hii isingekuwa kesi, shilingi ya Kenya na ya kwetu ilikuwa moja. Ni kweli. Benki Kuu ilipofungua Juni 1966 na Kenya nao wakatoa yao Septemba, zote zilibadilishwa moja kwa moja. Bibi anakumbuka alikuwa akipokea ya Kenya sokoni bila kuuliza. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa Februari, haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ilipofika mwisho wa 1986 dola moja ilikuwa zaidi ya 50 za Tanzania, wakati Kenya ilikuwa karibu 16. Kutoka moja kwa moja mpaka moja kwa tatu ndani ya miaka tisa! Sasa hivi ni kama moja kwa ishirini.

Hapo bibi akasema, "Huyu mjukuu amesoma hizo habari chuoni. Hebu sema."

Jamani niliogopa. Wazee wale, mimi na birika. Nikaanza na shikamooni wazee wangu, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, kwa kifupi. Nilipofika kwenye deni la mlowezi, mkwe akatikisa kichwa, "Unaona! Hata Wazungu walionewa." Baba mkubwa akasema, "Lakini walilipa!" Nikasema hapana baba mkubwa, hawakulipa wao. Walikata vibarua. Nikaeleza ile 12 na 8.

Kukawa kimya. Nilikuwa sijui kwa nini, mpaka mmoja wa mashahidi alipokohoa. Kumbe mkwe alikuwa ameshawaambia vijana wa mitumbwi yake kwamba kuanzia mwezi ule mgawo wao wa dagaa unapungua, "kuna deni la Kenya". Vijana saba. Mmoja wao ni mtoto wa mama mdogo, tumekua naye, ndiye analipia mdogo wake sekondari. Sikujua kabisa. Na baba mkubwa naye hakujua kwamba ile laki nne na nusu anayoidai ingetoka kwa mtoto wa shemeji yake mwenyewe.

Bibi hakupaza sauti. Alimwambia mkwe, "Wewe ulikopa, siyo wao." Halafu akamgeukia baba mkubwa, "Na wewe Januari hiyo laki yako ungeiuza ungepata ngapi?" Baba mkubwa akajibu moja na nusu na ushee, kama yeye. "Basi hii nyingine ni ya Mungu, wala si jasho lako."

Baba mkubwa hakukubali upesi. Na nisiseme alikosea, maana pesa yake ni ya Kenya, mzigo wake anauuzia Kenya, akirudishiwa 1,550,000 anaipeleka mpakani anapata kama elfu 77 tu za Kenya. Alitoa laki, anapokea elfu 77. Hiyo ni hasara kweli, si maneno. Nilipiga hesabu hiyo kwenye simu nikawaonyesha wote, na mkwe mara ya kwanza akanyamaza na kutazama chini.

Mwisho walikata katikati kama Milner, tofauti wakaigawana nusu kwa nusu: laki mbili na ishirini na tano elfu kila mmoja. Lakini bibi akaongeza sharti ambalo Milner hakuliweka, kwamba nusu ya mkwe isitoke kwenye mgawo wa vijana, na wale mashahidi waende mwaloni wenyewe kuwaambia. Mkwe akauza ng'ombe mmoja. Alikasirika, sitawadanganya, na baba mkubwa naye alikasirika, miezi miwili hawakusalimiana vizuri. Dada anasema nyumbani maneno yalipungua, hayakuisha.

Huwa najiuliza kama tulifanya haki. Kuna siku naona baba mkubwa alionewa. Kuna siku namkumbuka yule mtoto wa mama mdogo alivyokuja jioni ile na furushi la dagaa akaliweka tu mlangoni, hakusema kitu. Bei ya pesa ikibadilika lazima kuna mtu anabeba, na mara nyingi anabeba yule ambaye hakuwepo mezani wakati wa kukopa. Hicho ndicho nilichokosa kuandika kwenye insha yangu, nilijaza peni na shilingi tu, ndiyo maana alama zikawa zile.

Ushauri wa bure kwa wale mnaokopeshana hapa kabla bumu halijatoka: kama pesa ni ya nchi nyingine andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Imetolewa pesa gani, italipwa pesa gani, bei ya siku gani. Hata kwa mkwe. Hasa kwa mkwe!

Ile hela yenye tundu bibi alinipa. Iko hapa mezani ninapoandika, nimeifunga uzi. Jamaa wa Pemba ameamka sasa hivi, ananiuliza itanunua nini. Nimemwambia rudi kulala, kesho tuna darasa saa moja.

Alamsiki.